Maneno Aliyopaswa Kusema Shangazi

Binti yangu alivunja ungo kanisani, siku ya Jumapili, katika likizo ya katikati ya mwaka, na watu walijua kabla yake.

Tulikuwa tumeinuka kwenda komunyo. Alikuwa ubavuni mwangu, mkono mmoja kwenye benchi, mwingine kwenye kiwiko changu, amevaa gauni jeupe nililomnunulia mnadani. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yetu akanigusa bega, akavua kitenge chake cha juu na kumfunga mtoto kiunoni bila kusema neno. Nilidhani ameona mtoto anasikia baridi. Ndipo nikaona benchi, na macho ya wanawake wa safu ile, na vijana wawili wa kwaya wakiinamisha vichwa kuficha kicheko.

Nilimshika nikamtoa nje kabla ya baraka.

"Baba, misa haijaisha," alisema tulipofika kwenye mikaratusi.

Nilimwambia nimekumbuka sijawafunga mbuzi. Akatembea kidogo, akasimama.

"Nimelowa. Nimejikojolea?"

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Ni damu," nikasema, na sikuongeza kitu hadi tulipofika nyumbani. Sikujua neno hilo moja lilimfanya nini.

Inabidi nieleze hali yetu. Macho ya binti yangu yaliondoka na surua alipokuwa anaanza kutamka maneno. Mama yake alifariki akijifungua mtoto wetu wa pili, na mtoto huyo naye hakuishi. Tangu hapo tulikuwa wawili, katika shamba la migomba na kahawa si mbali na Lukole, pale palipokuwa na kambi kubwa za wakimbizi nilipokuwa kijana. Muda mwingi wa mwaka yeye alikuwa shule ya bweni yenye kitengo cha wasioona, mbali na kwetu, na wakati wa likizo ndipo alipokuja kukaa nami. Nilimfundisha kuchambua maharage, kukoroga uji, kutambua mbuzi kwa sauti zao. Nilijivunia hayo. Lakini mambo ya mwili wa mwanamke, kwetu, si maneno ya baba. Ni ya shangazi, ambaye kwa lugha yetu ni masenge. Baba akiyasema huonekana amekosa haya, au ana nia mbaya.

Kwa hiyo nilifanya nilichoweza. Nilichana shuka la zamani, nikaviweka vitambaa mlangoni kwake, nikamwambia ajifunge. Hakuniuliza afunge wapi. Alilala kutwa nzima, uso ukutani, akakataa chakula cha mchana na cha jioni. Nilisema moyoni kwamba ni aibu, na kwamba aibu ya namna hiyo hupita.

Dada yangu mmoja tu ndiye aliyebaki hai, ameolewa Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo. Jumatatu asubuhi tukaanza safari kwenda kwake.

Lusahunga tuliteremka kubadilisha gari. Wanaopajua mahali pale wanajua yalivyo malori: yamejipanga pande zote mbili za barabara, ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, madereva wanakula nyama choma na utingo wanakagua matairi. Nilimkalisha binti yangu kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, nikamwambia asiondoke, nikaenda kuulizia mchomoko, zile gari ndogo za abiria, wa kutupeleka upande wa Nyamigogo. Niliporudi, benchi lilikuwa tupu.

Mama wa chai alikuwa anamwaga maji machafu. Alisema mtoto ameondoka na baba mmoja. Alidhani ni ndugu yetu, kwa sababu walikuwa wameshikana mikono.

Sijui nilipita wapi. Nakumbuka matairi makubwa kuliko kifua changu, joto la injini, harufu ya dizeli, na sauti yangu ikiita jina lake ikarudi kama ya mtu mwingine. Nilichungulia chini ya malori. Niligonga mlango wa lori moja, mtu akanitukana kwa lugha nisiyoijua. Hatimaye, nyuma ya nyumba ya wageni, nikaona fimbo yake nyeupe. Ilikuwa mkononi mwa mwanamume wa makamo, mwenye mvi kidogo, amesimama nje ya choo cha kulipia.

Nilimkamata shati kifuani, kifungo kikang'oka. Watu wakakusanyika haraka, kama wanavyokusanyika pale, na mmoja akauliza amefanya nini huyu. Kuna neno lilikuwa limefika kwenye ulimi wangu. Kama ningelitamka, yule mtu asingeondoka Lusahunga akiwa hai, najua hivyo. Wengine walikuwa wameshaokota mawe.

"Baba, niko huku chooni," sauti ya binti yangu ikatoka ndani. "Mimi ndiye niliyemwomba anilete."

Watu wakatawanyika polepole, kama waliokatishwa tamaa. Mikono yangu ilikuwa bado shatini mwa yule mtu, akaiondoa mwenyewe kwa upole. Alikuwa dereva wa lori, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani.

"Mzee wangu, hukukosea kunikamata. Mimi nina mabinti, ningefanya vilevile," alisema. "Ila nikwambie jambo. Nilimshika mkono, akanifuata. Hakuniuliza mimi nani, wala njia tunayopita ni ipi. Ningekuwa mtu mwingine, saa hizi ungekuwa bado unamtafuta."

Akanikabidhi fimbo. Nikakumbuka kumwomba radhi nikiwa nimechelewa. Alikuwa ameshageuka kurudi kwenye lori lake.

Ndani ya gari nilimwinamia mtoto, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama yule mtu alimfanya kitu.

"Kunifanya nini?" akauliza.

Nikatazama nje, vumbi na mashamba ya mihogo. Mimi sikuwa na maneno ya kuuliza, na yeye hakuwa na maneno ya kunijibu. Hata kama angefanywa kitu, tungekaa vilevile, bega kwa bega, kimya.

Dada yangu alitupokea vizuri. Anampenda huyu mtoto. Kila msimu humtumia karanga. Baada ya kula alimpeleka chumbani akapumzike, kisha tukakaa nyuma ya jiko, yeye akimenya mihogo, nikamweleza ya kanisani na ya Lusahunga. Nilimwomba amfundishe, kama yeye alivyofundishwa na shangazi yetu.

Aliendelea kumenya. Kisha akasema mafundisho yale ni ya kumwandaa msichana kwa ndoa, na huyu hataolewa.

"Kaka, ukimwambia mambo hayo utamwamsha aliyelala," alisema. "Mpeleke zahanati wamchome sindano ya uzazi wa mpango, ukae kwa amani."

Hakuwa anasema kwa ukatili. Akanieleza habari za jirani yake mwenye binti asiyesikia wala kusema. Binti yule alipata mimba, akazaa, na hadi leo hajaweza kumwonyesha mtu yeyote ni nani aliyempa mimba hiyo. Yule mama hukaa barazani akiwatazama wanaume wote wanaopita, mmoja mmoja. Dada yangu alipofika hapo kisu kilimponyoka, akakiokota, akasema yeye hataki kuniona mimi nimekaa hivyo.

Nilikubali. Hofu ya siku zile mbili ilikuwa imenichosha, na sindano ni kitu kinachomalizika kwa siku moja.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa njiani mimi na binti yangu kwenda zahanati. Ilikuwa kiangazi, majani ya pembeni yote mekundu kwa vumbi. Alikuwa ameshika kiwiko changu, na mkono wake ulikuwa baridi ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

"Baba," alisema, "itauma kama ile ya mama?"

"Ipi ya mama?"

"Ile sindano waliyomchoma ili damu ikatike. Haikukatika."

Nilisimama. Siku ile mke wangu anafariki, binti yetu alikuwa mdogo, na mimi niliamini amelala chumba cha pili. Kumbe alikuwa anawasikiliza wanawake waliokuwa wakimhudumia mama yake, wakiingia na kutoka.

"Niliwasikia jana mkiongea na shangazi," akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekwisha kulipanga neno lake. "Kama na mimi nitakufa, naomba nizikwe kwetu. Nisizikwe huku."

Palikuwa na kalavati hapo barabarani. Nilimkalisha, nikakaa karibu naye. Tangu Jumapili mtoto huyu alikuwa amebeba kifo chake mwenyewe, amepanda nacho magari, amekula nacho ugali wa shangazi yake, na mimi nikasema ni aibu.

"Hufi," nikamwambia. "Nisikilize. Huumwi kitu."

Nikaanza. Nilisema kama mtu anayevuka mto asioujua, anatanguliza mguu mmoja kwanza aone kina. Nilimwambia kila mwanamke hutoka damu hii, mwezi baada ya mwezi, ikija inakaa siku chache inakwenda, na damu ya mama yake ilikuwa nyingine, ya uzazi uliokwenda vibaya. Halafu akauliza hata mwalimu wake wa nukta nundu? Nikasema hata yeye. Hata shangazi? Hata shangazi. Hata Bikira Maria? Sikulitegemea hilo. Nikasema naye alikuwa mwanamke, nadhani hata yeye. Akapumua, pumzi ndefu iliyotikisa mabega yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akaomba maji ya kunywa.

Nilidhani nimemaliza. Akafunga chupa, akauliza sindano basi ni ya nini kama haumwi.

Watu walikuwa wanapita na baiskeli, wananisalimu, naitikia. Ilinibidi nimweleze mimba, na kabla ya mimba inabidi ueleze inakotoka. Nilieleza. Wenzake wanaoona hujua mambo mengi bila kuambiwa. Wanawaona watoto wadogo wakioga, wanaona jogoo na tetea, wanaona wajawazito wakibadilika. Yeye alikuwa na majina ya vitu bila vitu vyenyewe. Alikuwa akisikia watu wakisema fulani ana tumbo, akadhani ameshiba. Nilitumia maneno ya shuleni nilipoyakumbuka, na niliposhindwa nilitumia ya kwetu, nikiangalia barabara. Nikamwambia kuna mahali mwilini mwake ambapo mtu hana ruhusa ya kumshika, awe anamsaidia njia, awe ndugu, awe mtumishi wa Mungu.

"Na nikichomwa sindano, mtu hataweza kunishika huko?"

"Ataweza. Sindano inazuia mimba tu."

Akaigeuza chupa mikononi.

"Kwa hiyo akinishika, wewe hutajua."

Baiskeli nyingine ikapita, nikaitikia salamu.

"Basi hiyo sindano inamsaidia yeye," akasema.

Nimekaa na wazee katika mabaraza mengi, nimesikia mashauri yakikatwa, lakini sijawahi kusikia neno likikata namna ile. Nilimwinua. Tukaiacha njia ya zahanati, tukasubiri gari la kwenda Biharamulo mjini.

Nilikuwa na shida nyingine sasa. Alihitaji vitu vya kujihifadhi, na mimi sikujua hata vinaulizwaje. Kwenye maduka mawili ya mwanzo niliingia nikanunua sabuni, nikatoka. Duka la tatu lilikuwa la mama wa Kiislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara uliotoka pwani zamani, na alikuwa peke yake. Binti yangu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama wote wawili, kisha zile sabuni nilizobeba.

"Baba, huyu mtoto ameingia hedhini?" akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari.

Nilihisi masikio yanawaka. Labda aliona, kwa sababu alisema kwao mambo haya hufunzwa chuoni, yaani madrasa, wavulana na wasichana, kwani usipoyajua hujui lini unaruhusiwa kuswali. Alishangaa tunavyoyaficha. Kisha akamwita binti yangu nyuma ya kaunta, akafungua pakiti ya pedi, akampa moja mkononi. Akamwacha aikague mwenyewe: upande laini, upande wa gundi, mbele na nyuma. Akamfanya aibandike kwenye kipande cha nguo na kuibandua, tena na tena, mpaka vidole vyake vikaacha kusita. Akamweleza asikie uzito na ubichi ndipo abadilishe, asisubiri kuambiwa na mwenye macho. Na iliyotumika, jinsi ya kuifunga na mahali pa kuitupa. Binti yangu aliuliza kuhusu harufu. Mimi nilisimama mlangoni nikizuia wateja kwa mgongo wangu, na kila mwanamume aliyekaribia nilimwambia duka limefungwa kidogo.

Ugomvi ulitusubiri Nyamigogo. Dada yangu aliuliza kwanza kama sindano imechomwa. Nilipomwambia sivyo, na nilipomwambia tulichoongea kwenye kalavati, alikaa chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Wewe? Baba mzima umemwambia mtoto wa kike hayo?"

Akasema nimevunja mwiko, na kwamba majirani wakisikia watatuweka kwenye midomo yao, wataanza kuuliza ninaishi vipi na binti peke yetu nyumba moja. Hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeliwaza pia. Nikamjibu kwa ukali kwamba nilikuja kwake kwanza, na yeye alikataa. Tulizungumza kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti za chini, na sauti za chini katika ukoo wetu ni mbaya kuliko za juu.

Binti yangu alitoka ndani akipapasa ukuta. Hakuingilia maneno yetu. Alimwambia tu shangazi yake kwamba gauni la kanisani, alilokuja nalo kwenye mfuko, bado lina doa, yeye halioni, na baba hajui kulifua, je, angemsaidia?

Dada yangu aliinuka. Kisha akaniambia niende migombani.

Nilikaa migombani mpaka kivuli kikahama. Nilisikia maji yakimwagwa, na sauti ya dada yangu ikieleza kitu bila kukatika, chini chini, na mara moja nikasikia wote wawili wakicheka, nikashtuka kama niliyesikia kilio. Niliporudi gauni lilikuwa kwenye kamba. Dada yangu hajawahi kuniambia alimwambia mtoto nini, na sijamuuliza. Kuhusu sindano hakubadilisha mawazo. Tulipokuwa tunaagana alinirudia jambo lile lile, kwamba siku moja nitamkumbuka.

Shule ilipofunguliwa nilimpeleka mwenyewe, nikaomba kuonana na mwalimu wake. Nilimweleza nilipoishia na nilichoshindwa, hasa tofauti ya mwili wa mwanamume na wa mwanamke, ambayo kwa mtoto asiyeona haielezeki kwa mdomo. Mwalimu aliniambia wana midoli ya kitambaa iliyoshonwa kwa kazi hiyo, lakini wazazi wengi hukataza isitumike. Kuna waliotishia kuwaondoa watoto wao shuleni. Akaniuliza kama mimi naruhusu. Nikaruhusu, ingawa sikuwa na hakika.

Sasa binti yangu yuko sekondari. Mwaka jana, nikiwa napalilia maharage, simu iliita. Alikuwa matroni. Alisema niende shuleni, mtoto ni mzima, lakini niende.

Nilimkuta ofisini amekaa wima, shangazi wa mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa amekuja siku hiyo kumtembelea, amemshika bega. Mwanamume aliyekuwa akileta kuni jikoni alijifanya anamsaidia kuvuka uwanja, akampeleka nyuma ya stoo, akamshika mahali asipopaswa kumshika. Binti yangu alipiga kelele, akamng'ata mkono, akaenda moja kwa moja kwa matroni na kumtaja. Yote yalikwisha kabla kengele ya kipindi haijalia.

Kwenye kituo cha polisi, askari aliyekuwa akiandika maelezo alimuuliza, bila dhihaka, atakuwaje na hakika ni nani kama haoni. Binti yangu akamwambia anavyomjua: sauti, kikohozi, harufu ya moshi na tumbaku, kidole kimoja kisichokunjika. Kisha akaeleza alichofanyiwa. Alitaja kila kiungo kwa jina lake, la kitabuni, kwa mpangilio, bila kupandisha wala kushusha sauti. Askari aliacha kuandika akanitazama, nadhani alitegemea nimnyamazishe. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na hofu ileile ya zamani. Lakini nilimwambia askari aandike kama anavyosema mtoto.

Alipomaliza aliomba kusomewa. Askari akamsomea. Binti yangu akamsahihisha mahali pamoja, ambapo neno lake lilikuwa limebadilishwa likaandikwa "mwilini".

Yule mtu wa kuni alikana, akapewa dhamana, na ndugu zake walikuja nyumbani kwangu wakiwa na mbuzi, wakitaka tuyamalize kienyeji. Walisema msichana kama huyu hana cha kupoteza. Niliwaondoa na mbuzi wao. Tangu hapo baadhi ya watu kijijini hawanisalimu vizuri, na mimi hufunga mlango mapema kuliko zamani.

Kesi imeahirishwa mara kadhaa. Mwezi ujao tunarudi mahakamani. Dada yangu amepiga simu kwamba safari hii anakuja, na kwamba atakaa upande wa mtoto.